Moshi wa Jikoni na Mwana wa Mjane

Somo: 1 Wafalme 17:8–24 na Yakobo 2:14–17

Akina mama ambao mmefungua redio jikoni huku sufuria iko motoni, maneno ya leo yanawahusu ninyi kwanza. Tena yanatuhusu sisi ambao hula kile mlichopika na hatuulizi kilipikwaje.

Leo tunataka kusema juu ya moshi. Huenda mmoja akauliza, "Je, mchungaji amekosa neno la wokovu hata atuletee habari za moshi?" Tunawaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo hili lilitupata sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Julai, tuliitwa kuzika mtoto mchanga upande wa juu wa Elburgon. Ninyi mnaokaa Molo, Mau Summit na Elburgon mnaijua baridi ya Julai. Ukungu hushuka kutoka msituni saa kumi jioni, na watu hukaa karibu na moto mpaka walale. Mtoto yule alikuwa na miezi saba. Alikuwa amekohoa siku chache, akaanza kupumua mbio mbio, na kabla hajafikishwa hospitali akafa mikononi mwa mama yake.

Pale kaburini tulisoma ibada ya maziko kama ilivyo desturi. Kisha tukawaambia wazazi kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, na kwamba Mungu alitaka ua dogo katika bustani yake. Watu wakaitikia amina. Baada ya ibada mvua ikanyesha, sebule ikajaa wazee, nasi tukakaribishwa jikoni tukapate chai. Tulikuwa tumefika katika nyumba ile mara nyingi, lakini jikoni hatukuwa tumeingia hata mara moja.

Kilikuwa chumba kidogo cha mbao na mabati, chenye mlango mmoja na bila dirisha. Moto ulikuwa kati ya mafiga matatu, na kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Macho yetu yalitoka machozi, kifua kikabana, na hata kabla ya dakika tano tulitoka nje tukasimama katika mvua. Muuguzi mmoja wa ushirika wetu, aliyekuwa akiosha vikombe pale, alitufuata akasema polepole, "Mchungaji, mtoto huyu alikaa humu kila jioni tangu azaliwe."

Hatusemi kwamba tunajua kwa hakika moshi ndio uliomwua mtoto yule. Lakini hili twalijua: tulimtwika Mungu jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza. Sisi tulishindwa kukaa dakika tano, na mtoto alikaa miezi saba.

MOSHI UNA NINI NDANI YAKE?

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Lakini moto mzuri una moshi mchache. Moshi mwingi ni kuni ambazo hazikuungua sawasawa. Ndani yake mna chembe ndogo sana, nyingine ndogo kuliko unywele mara 30 na zaidi. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, nasi twalitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe hizi hupita kote huko, hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, chembe hizo zaweza kuwa mara 100 zaidi ya kiasi kinachokubalika kwa afya.

Ndiyo sababu moshi hauleti kikohozi tu. Kwa mtoto huongeza hatari ya nimonia, ambayo wazee wetu waliita kichomi. Kwa mtu mzima huleta ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa kuhema hata kwa kupanda kilima kidogo, na pia saratani ya mapafu. Huongeza magonjwa ya moyo na kiharusi. Hudhuru macho, na umehusishwa na mtoto wa jicho. Mama mjamzito akiuvuta kila siku, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa magonjwa yaliyotokana na moshi wa nyumbani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka mitano.

Kwa nini mtoto mchanga anadhurika zaidi? Kwanza, mapafu yake bado yanakua. Pili, anapumua haraka kuliko sisi. Tatu, hana pa kwenda. Baba akiona moshi umezidi hutoka akaenda kuzungumza na jirani penye ua. Mtoto yuko mgongoni mwa mama, na mama yuko motoni.

Jambo hili lilichunguzwa hapa karibu nasi. Watafiti wawili, Majid Ezzati na Daniel Kammen, walifanya kazi huko Mpala katika Laikipia, mpakani mwa upande wetu, wakapima moshi na magonjwa katika nyumba 55. Walitangaza matokeo yao mwaka 2001. Waliona kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyougua kifua mara nyingi zaidi. Tena waliona kwamba wanawake huvuta moshi mwingi kuliko wanaume wa nyumba ile ile, kwa sababu wao huinamia moto wakati ule moshi unapozidi, yaani wakati wa kuuwasha, kupuliza na kukoroga. Basi nyumba ni moja na chakula ni kimoja, lakini mzigo haukugawanywa sawa.

KWA NINI WATU WANAPIKIA MOSHI?

Mtu asiseme kwamba akina mama wanapenda moshi, au kwamba hawana elimu. Mama yeyote aliyekohoa usiku kucha ajua kwamba moshi si mwema. Shida ni umaskini wa moto. Twajua umaskini wa chakula, wa mavazi na wa nyumba. Umaskini huu ni wa kukosa moto safi wa kupikia, wa kuota na wa kuangazia.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kenya, nyumba 55 kati ya 100 zilipikia kuni. Karibu 24 zilipikia gesi, karibu 12 makaa, na karibu 8 mafuta ya taa. Wakati huo nusu ya nyumba zote zilikuwa zikiangaziwa na stima, lakini zilizopikia stima hazikufika hata 1 kati ya 100. Maana yake ni kwamba waya umefika darini na taa yawaka, lakini chini yake mama bado anapuliza kuni mbichi.

Jambo hili latushangaza zaidi sisi wa Bonde la Ufa. Mungu ameweka moto chini ya miguu yetu. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme huko Olkaria, karibu na Naivasha. Leo mvuke wa namna hiyo hutoa karibu sehemu 4 kati ya 10 za umeme wa Kenya. Hata Menengai, inayousimamia mji wetu wa Nakuru, ilianza kuchimbwa visima mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza hapo ukaanza kutoa umeme. Nguzo kubwa za umeme hupita juu ya mashamba yetu, na chini ya nguzo hizo dada zetu hupita na mizigo ya kuni migongoni, kamba ikikata paji la uso.

Mtu maskini hulipa zaidi kwa moto wake. Mwenye fedha hununua gunia la makaa. Asiye nazo hununua mkebe mmoja leo na mwingine kesho, na akifanya hesabu mwisho wa mwezi ataona kwamba gunia lake lilikuwa ghali kuliko la jirani. Vivyo hivyo na gesi. Kinachomshinda si kuitumia bali kuianza, maana mtungi na jiko lake vyahitaji fedha nyingi siku moja, na kibarua hulipwa kidogo kidogo. Katika mitaa kama Rhonda na Kaptembwo, mapato ya leo ndiyo chakula cha leo na ndiyo moto wa leo. Akikosa kabisa, mtu huchoma chochote apatacho, hata vipande vya plastiki na viatu vikuukuu, na moshi wa vitu hivyo ni sumu zaidi kuliko wa kuni.

Hata sheria za nchi huingia jikoni. Mwaka 2021 gesi ya kupikia ilianza kutozwa kodi ya asilimia 16, mwaka 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 kodi hiyo ikaondolewa. Wale waliokaa wakahesabu kodi hiyo huenda hawakufikiria mapafu ya mtoto, lakini mapafu ya mtoto yalikuwamo katika hesabu.

Neno la Mungu lalijua jambo hili. Katika kitabu cha Maombolezo, sura ya 5, watu wa Yerusalemu walioshindwa vitani wanamlilia Mungu kwamba hata kuni zao wenyewe inawabidi kuzinunua, na kwamba watoto wao hujikwaa chini ya mizigo ya kuni. Kumbe mzigo wa kuni umo katika Biblia, tena umo katika sala.

HATARI ZISIZOONEKANA

Kabla hatujaendelea, tunataka kuwaonya juu ya mambo mawili ambayo huua bila moshi kuonekana.

La kwanza ni jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala. Kila msimu wa baridi twasikia habari za watu waliolala na jiko ili wapate joto, na asubuhi hawakuamka. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa nzuri, na mtu huona kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wengine hudhani makaa yakishakuwa mekundu hayana hatari. Sivyo. Makaa mekundu nayo hutoa gesi hiyo. Tafadhali, jiko litoke nje kabla ya sala ya usiku. Kama mtoto anaona baridi, mwongezeeni nguo na blanketi, lakini msimfungie ndani na jiko.

La pili ni mafuta ya taa. Koroboi hutoa masizi mengi, na mtoto anayesoma kando yake huyavuta puani. Tena mafuta yakiwekwa katika chupa ya soda, mtoto hudhani ni kinywaji. Akiyanywa, msimtapishe, maana yakipanda tena yaweza kuingia mapafuni na kuyadhuru zaidi. Mpelekeni hospitali upesi.

Na juu ya kichomi, kila mzazi ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mhesabu kwa dakika moja nzima. Asiyefika miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili mpaka kumi na mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka asiyefika mitano, 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au ukiona kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya. Wala usisahau chanjo. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya hupewa chanjo inayokinga aina moja kubwa ya nimonia.

JE, JIKO JIPYA LATOSHA?

Wengi wenu mnalo lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo ndani. Lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Limewapunguzia watu gharama ya makaa, nasi twamshukuru Mungu kwa mafundi wale. Yako pia majiko ya kuni yenye udongo ndani, yanayotumia kuni chache.

Lakini tuseme kweli. Huko Malawi nyumba nyingi zilipewa majiko ya kuni yaliyotengenezwa ili kutoa moshi mchache, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016, na nimonia haikupungua. Kisha familia katika nchi nne, mojawapo ikiwa Rwanda, zilipewa gesi bure. Moshi katika nyumba hizo ulipungua sana, na hilo ni jambo jema, lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 hayakuonyesha nimonia ya watoto wachanga kupungua.

Je, tukate tamaa? Hapana. Tujifunze. Ugonjwa huingia katika nyumba ya maskini kwa milango mingi, na moshi ni mlango mmoja. Njaa ni mlango wa pili, baridi wa tatu, kukosa chanjo wa nne, na umbali wa hospitali wa tano. Tena nyumba moja ikipata gesi na majirani kumi wakabaki na kuni, moshi wa majirani huvuka ua. Moshi haujui mpaka wa shamba. Kwa hiyo mtu hawezi kujiponya peke yake na kusema, "Mimi nimeokoka na moshi." Ataokoka pamoja na jirani yake.

ELIYA ALIFANYA NINI?

Sasa turudi kwa somo letu. Eliya alipofika katika lango la mji wa Sarepta, alimkuta mwanamke mjane. Mjane huyo alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiokota kuni. Alimwambia nabii kwamba anatafuta kuni chache tu apike unga wa mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Angalieni basi: unga ulikuwa karibu kwisha, mafuta yalikuwa karibu kwisha, na hata kuni zilikuwa za kuokota langoni. Mungu hakumpeleka nabii wake katika nyumba ya mfalme. Alimpeleka mahali ambapo moto wenyewe ulikuwa shida.

Wahubiri hupenda kukomea pale ambapo unga haukwisha. Lakini hadithi inaendelea. Baada ya hayo mwana wa mjane akaugua, na ugonjwa ukazidi hata hakubakiwa na pumzi ndani yake. Hatusemi kwamba aliugua kwa moshi, maana Biblia haisemi. Lakini tazameni Eliya alivyofanya. Mama alimlilia kwa uchungu, akidhani kwamba Mungu amemkumbushia dhambi zake. Eliya hakumjibu kwamba ni kweli. Hakumwambia kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu, wala hakumwambia habari za ua na bustani. Alimwambia ampe mtoto. Akamtwaa kifuani mwake, akapanda naye mpaka chumba cha juu alichokaa yeye mwenyewe, akamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe, akamlilia Bwana, tena akamwuliza Mungu maswali. Na pumzi ya mtoto ikamrudia.

Ndugu zangu, tuliposoma maneno haya baada ya maziko yale ya Elburgon, tuliona haya. Eliya aliubeba mzigo wa mama yule akaupeleka kitandani pake. Sisi tulimrudishia mama mzigo wake pamoja na maneno mazuri.

Mtume Yakobo anasema juu ya mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamtakia amani na kumwambia aende akaote moto na kushiba, lakini hampi chochote cha mwili. Imani ya namna hiyo, asema Yakobo, imekufa. Angalieni kwamba Yakobo alitaja moto. Alijua kwamba maskini hukosa joto kama anavyokosa mkate. Ni mara ngapi Kanisa limesema hivyo? Mama anakuja Jumapili macho mekundu, anakohoa katikati ya wimbo, nasi tunamwombea kifua kwa kumwekea mikono. Kuomba ni vizuri, na tusiache kuomba. Lakini Jumatatu anarudi katika moshi ule ule, na sisi tuliomwombea hatujui hata jiko lake liko upande gani wa nyumba.

TUFANYE NINI?

Tunataka kutaja mambo machache ambayo ushirika wowote waweza kuyafanya.

Kwanza, wachungaji na wazee wa kanisa, tukitembelea nyumba tuombe ruhusa tuone jikoni. Tusiende kama wakaguzi, bali kama ndugu. Mara nyingi dirisha moja likikabili mlango, au nafasi ikiachwa kati ya ukuta na paa, moshi hupata njia. Fundi wa ushirika na vijana wawili waweza kuifanya kazi hiyo siku moja, na mbao hazitakuwa nyingi.

Pili, kuni zipasuliwe na kukaushwa kabla ya mvua. Kuni kavu hutoa moshi mchache. Mahindi na maharagwe ya githeri yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe, ndipo kuni zitapungua. Penye nafasi, moto uwashwe nje ya nyumba ya kulala. Na mtoto mchanga asikae jikoni. Baba, dada mkubwa au nyanya amshike mpaka chakula kiive. Baba mpendwa, jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji mikono yako.

Tatu, vyama vyetu vya kuweka akiba vigeukie moto. Akina mama wa Umoja tayari huchangiana vyombo na mablanketi kwa zamu. Kwa njia hiyo hiyo kila mmoja aweza kupata mtungi mdogo wa gesi kwa zamu yake. Wanaoanza kutumia gesi wafundishwe kupima mpira kwa povu la sabuni kama unavuja, na wasiwashe moto wakisikia harufu. Wale wa Bahati, Njoro na Subukia wenye ng'ombe wawili au zaidi wa kufungiwa zizini, waulize afisa wa kilimo habari za biogesi, maana samadi ile ile hutoa moto kwanza, kisha huenda shambani ikiwa mbolea.

Nne, tuanze na nyumba ya Mungu. Tukiwa na mkutano mkubwa au askofu akitutembelea, ni nani wanaopika? Ni akina mama wale wale, katika kibanda kile kile nyuma ya kanisa, tangu alfajiri mpaka jioni. Hawasikii mahubiri, na wanarudi nyumbani vifua vinawauma. Tumekwisha kufanya harambee za viti, za vyombo vya muziki na za mabati ya kanisa. Tufanye na ya jiko lenye bomba la kutolea moshi. Tena penye uwanja wa kanisa tupande miti, ili mjane asiokote kuni langoni.

Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Jitihada za mama peke yake hazitoshi, wala za serikali peke yake, wala za Kanisa peke yake. Lakini yakikaa pamoja, chungu kitakaa.

Tulirudi katika nyumba ile ya Elburgon mwaka uliofuata, tukiwa na fundi na mbao chache. Mama alitutazama kwanza kwa mashaka. Tulimwomba atusamehe kwa maneno tuliyoyasema kaburini. Alinyamaza kitambo, kisha akatuonyesha ukuta ambao angependa dirisha liwe. Akasema ni ule unaotazama mashariki, ili asubuhi apate jua. Alikuwa na mimba wakati ule.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyempulizia mwanadamu pumzi ya uhai, twakushukuru kwa kila pumzi. Utusamehe sisi tuliokutwika makosa yetu na kuyaita mapenzi yako. Uwakumbuke mama zetu wanaopika katika moshi, na watoto walio migongoni mwao. Uwafariji wote waliozika watoto wachanga. Uwape hekima wanaotunga sheria na wanaopanga bei, na utupe sisi macho ya kuona jikoni mwa jirani, na mikono ya kubeba. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyewawashia wanafunzi wake moto ufuoni, akawapikia kwa mikono yake mwenyewe. Amina.